Tunapowaalika wakwe ‘kupamba’, wao wanasikia nini?

Kuna maneno ambayo sisi watu wa Pwani tumeyazoea mpaka hatuyaoni tena. Twayapita kama tunavyopita kizingiti cha nyumba yetu wenyewe, bila kutazama chini. Mgeni ndiye anayejikwaa. Mojawapo ya maneno hayo ni kupamba.

Mwambie mwanamke wa Mombasa, Lamu au Malindi, “Jumamosi kuna kupamba,” na papo hapo ashajua mambo mengi bila kuuliza. Ajua kuna bibi harusi. Ajua ni usiku, ni wanawake watupu, mabuibui yatavuliwa ndani, na simu haitaruhusiwa kupiga picha. Ajua pia kwamba ana siku chache tu za kumsumbua fundi wake wa nguo. Maneno hayo hayo mwambie mtu wa Sosiot, kule Belgut katika Kaunti ya Kericho, naye atakuuliza kwa nia njema kabisa: “Tunapamba nini? Tuje na ngazi?”

Sisemi haya kwa mzaha. Miezi michache nyuma kijana wa jamaa zetu, anayefanya kazi huko kwenye mashamba ya chai, alimposa binti wa Sosiot aliyekwishasilimu. Posa ikakubaliwa na siku ikapangwa. Kwa vile kwao binti ni mbali, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa, upande wa kijana ukajitolea kuandaa shughuli zote, hata zile ambazo kwa desturi yetu huandaliwa na kina bibi harusi. Kadi ikatumwa kwa simu. Ilikuwa na mistari mitatu: nikahi Ijumaa baada ya Alasiri, kupamba Jumamosi saa tatu usiku, wanawake pekee.

Isome kadi hiyo kwa macho ya Sosiot. Ijumaa binti anaolewa, sawa. Jumamosi usiku, baada ya kuolewa, mama zake na shangazi zake wanaitwa kufanya kazi ya kupamba ukumbi. Baba zake na wajomba zake hawaitwi kabisa. Na sherehe yenyewe haikuandikwa ni lini. Shangazi mmoja alisema neno ambalo lilifika Mombasa kabla ya jua kuchwa: “Tumetoa mtoto, sasa tunaitwa vibarua.”

Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliofuatana na wazee kwenda Sosiot kulituliza jambo hilo. Kikongwe mmoja, ambaye wote walimwita kogo, yaani bibi, aliniketisha pembeni akaniuliza: “Mama, hii kupamba yenu ni kazi ama ni sherehe?” Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasoma juu ya kitenzi hiki. Makala haya ni jibu lake, refu kidogo kuliko nililompa siku ile.

Kitenzi kilichogeuka jina la hafla

Katika Kiswahili, kitenzi chochote ukikitia ku- mbele chaweza kusimama kama jina. Kusoma kwake kunapendeza. Kuimba kwao kulitukesha. Hiyo ni sarufi ya kawaida ambayo kila mtoto wa shule aifahamu. Lakini kwetu Pwani, kupamba kumepiga hatua moja zaidi: kumekuwa jina la shughuli maalumu ya harusi, kama vile singo, hina na nikahi zilivyo na majina yake.

Ndiyo maana twasema, “Kupamba kwao kulikuwa kwa fahari,” au “Kupamba ni lini?” au “Sijaalikwa kwenye kupamba.” Katika sentensi hizi hakuna mtu anayebeba maua wala anayepanda ngazi. Kazi hiyo ishafanywa mchana na wapambaji. Linalotajwa ni ule usiku ambao bibi harusi, akiwa ameshatiwa hina na piko, ameshavishwa na kufukizwa udi, hukaliswa mahali pa juu ili wanawake wenzake wamtazame, wamwombee dua na wamfurahie. Wageni hawapambi. Wageni wanaona kilichopambwa.

Sasa mtu aliyejifunza Kiswahili darasani, na akakijua vizuri, atasoma “kupamba” kama alivyofunzwa: tendo la kutia mapambo. Hajakosea. Ni sisi ambao tumeandika nusu ya habari tukadhani tumeandika yote. Nao wana neno lao kama hilo. Mpwani akiambiwa na Wakipsigis, “Karibu koito,” hataelewa chochote mpaka aelezwe kuwa ni mkutano wa jamaa mbili unaozungumzia mahari na kuzifunga jamaa hizo pamoja. Tofauti ni kwamba koito humfanya mgeni aulize, kwa kuwa halijui. Kupamba ni hatari zaidi, kwa sababu mgeni adhani analijua.

Maana ya msingi

Tukiacha harusi kando, kupamba ni nini hasa? Kamusi zitakwambia ni kutia vitu vya kupendeza ili kitu kivutie. Ni kweli, lakini haitoshi. Ukisikiliza namna wazee wanavyolitumia, utaona ndani yake mna jambo la heshima. Kitu hupambwa kwa sababu ya siku au kwa sababu ya mtu. Twapamba nyumba kwa ajili ya Idi. Twapamba sinia la biriani kwa vitunguu vya kukaanga, korosho na zabibu kavu kwa sababu linapelekwa mbele ya wageni. Biriani ya kula wenyewe usiku wa Jumanne hatuipambi, na ladha ni ile ile. Anayepamba anawaambia wanaotazama: hiki leo kina cheo.

Kwa hiyo kupamba kunahitaji vitu vitatu: kinachopambwa, kinachopambiwa na jicho la kukiona. Pakikosekana jicho hakuna kupamba. Hapo ndipo nilipomjibu yule bibi: ni kazi na ni sherehe, ila kazi ni ya wenyeji, na nyinyi ndio jicho. Bila nyinyi binti yenu atakuwa amevaa tu.

Kutokana na mzizi huu mmoja lugha imejenga familia nzima, na kila mmoja ana kazi yake.

Pambwa ni kutendwa: “Ukumbi umepambwa.” Pambika ni kuwa katika hali ya kupendeza kwa mapambo, bila kumtaja aliyefanya: “Ukumbi umepambika.” Jipamba ni mtu kujifanyia mwenyewe. Pambisha ni kumfanya mwingine apambe, kama mwenye hafla anayewalipa watu wa kazi hiyo. Pambia lina sura mbili. Ya kwanza ni ya chombo, kama tusemapo “karatasi za kupambia”. Ya pili ni ya anayefanyiwa: “Alimpambia dadake chumba.” Sura hii ya pili tutairudia, kwa kuwa ina upande wa giza.

Upande wa majina, pambo ni kimoja na mapambo ni vingi. Upambaji ni ufundi wenyewe. Mpambaji ni yule anayefanya kazi. Mpambe si mpambaji, na hapa wengi huchanganya. Mpambe kwa asili ni mtu aliyevishwa na kupambwa ili afuatane na mkubwa au na bibi harusi, uzuri wake uongeze heshima ya anayemfuata. Ndiyo sababu Tanzania yule ofisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais huitwa mpambe wa Rais. Hana kazi ya maua. Kuwapo kwake ndilo pambo.

Kwa na na

Kuna kosa dogo linaloandikwa kila siku, kwenye magazeti na kwenye mitihani, na yafaa tulisahihishe. Utasoma, “Ukumbi ulipambwa na maua.” Maua hayana mikono. Katika kitenzi cha kutendwa, na humtaja mtendaji, kwa hutaja chombo au kitu kilichotumika. Ukumbi ulipambwa na vijana wa mtaa kwa maua. Bibi harusi alipambwa na shangazi zake kwa mayasmini na vikuba. Ukishika hilo hutapotea.

Mshairi au mwandishi anaweza kuyapa maua mikono kwa makusudi, na anaweza kusema milima ya Kericho imepambwa na chai, kana kwamba chai ndiyo iliyoamka asubuhi ikaivika milima kijani. Hiyo ni ruhusa yake. Lakini anayeandika ripoti ya harusi au barua ya kamati aandike kwa.

Kupamba, kuremba na kunakshi

Swali jingine nililoulizwa huko, na mwalimu kijana aliyekuwapo, ni tofauti ya kupamba na kuremba, na kwa nini sisi Wapwani tuna vitenzi vingi vya jambo moja. Ukweli ni kwamba si jambo moja.

Kuremba hukaa karibu na mwili na na mstari. Uso hurembwa, mkono hurembwa, maandishi hurembwa. Ni kazi ya kidole na kalamu. Kutarizi, au kudarizi, ni kazi ya sindano na uzi juu ya nguo. Kofia za mkono tunazozijua zilitarizwa, hazikupambwa. Kunakshi, au kutia nakshi, ni kuchonga au kuchora urembo ndani ya kitu chenyewe, kama milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kutia njumu ni kupachika madini au pembe ndani ya mti.

Mimi hutumia kipimo kimoja rahisi, na msomaji akipenda akichukue. Lugha yetu ina kiambishi -ua kinachofanya kitenzi kirudi nyuma: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Pamba nalo lina mwenzake: pambua, kuondoa mapambo. Jiulize basi: urembo huu waweza kupambuliwa kesho, na kitu kikabaki kizima? Ikiwa ndiyo, hilo ni pambo. Maua hutolewa, taa huteremshwa, dhahabu hurudishwa sandukuni, nyingine hata hurudishwa kwa aliyeiazima. Lakini nakshi ya mlango huwezi kuipambua bila ya kuuharibu mlango. Nakshi hukaa, hina hufifia, pambo huondolewa.

Wazee wetu walilijua hilo vyema. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alizitazama nyumba kuu za Pate, zile zilizokuwa na zidaka za kuwekea vyombo vya kaure, akaona vyombo vimekwenda na zidaka zimekuwa viota vya ndege. Vilivyopangwa ukutani viliondoka. Ukuta ulibaki kushuhudia.

Kibuyu cha Sosiot

Nikamwonyesha yule mwalimu kipimo hicho kwa kitu kilichokuwa mbele yetu, maana tulikuwa tumekaribishwa mursik, yale maziwa yao ya kuganda, na kibuyu kilikuwa pale. Wao hukiita sotet.

Vibuyu vya Wakalenjin mara nyingi hufungwa ngozi na kutungwa ushanga, na vingine huwekwa simbi, zile kauri za baharini. Hapo Mpwani atafurahi, kwa kuwa simbi hazitoki mlimani. Ni vitu vya bahari yetu vilivyopanda bara kwa biashara zama na zama. Ushanga huo na simbi hizo ni mapambo, kwa sababu waweza kuzifungua na kibuyu kikabaki kibuyu. Mistari iliyochorwa au kuchomwa kwenye ganda lake ni nakshi, haitoki. Sasa ndani ya kibuyu mna kitu cheusi. Kabla ya kutiwa maziwa, ndani husuguliwa kwa makaa ya mti maalumu, nao wengi hutumia senetwet. Makaa hayo hutoa harufu na ladha, na husaidia maziwa yakae siku kadhaa bila kuharibika. Je, hayo nayo ni mapambo? Hapana. Hayaonwi na jicho, na hayakuwekwa kwa ajili ya jicho. Kwa Kiswahili tutasema kibuyu kimetayarishwa, kimetengenezwa, kimetiwa makaa. Hatutasema kimepambwa kwa ndani.

Na jina lenyewe Sosiot, kwa Kikipsigis, ni neno la ule ufito wenye nyuzi kichwani, mfano wa mswaki mrefu, wa kusugulia ndani ya kibuyu. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka methali yetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile kijikopo kilichopambwa nje kwa ufundi wote, ukikifungua hakina kitu. Sisi tuna methali ya kuonya juu ya kupamba nje na kusahau ndani. Wao wana chombo cha kusafishia ndani, na neno hilo hilo ndilo jina la mji.

Kuna pambo lao jingine ambalo Waswahili wengi wameliona kwenye televisheni bila kujua jina lake. Mkimbiaji akirudi na medali huvishwa mmea unaotambaa, wenye majani mabichi, shingoni au kichwani. Huo ni sinendet, nao huonekana pia kwenye harusi zao. Angalia kitenzi: twasema mkimbiaji amevishwa sinendet, au amepambwa kwa sinendet. Yote mawili ni sahihi, ila la kwanza linataja kitendo cha kuweka na la pili linataja heshima aliyopewa.

Yanayofanana naye lakini yana njia yake

Mwalimu yule alinionyesha karatasi ya hafla moja ya shule, ambamo iliandikwa “Kamati ya Upambanaji wa Ukumbi”. Tulicheka, lakini kosa lina sababu yake. Mtoto amefunzwa kuwa -ana ni kutendana: penda, pendana, saidia, saidiana. Kwa kanuni hiyo atadhani kupambana ni kupambwa na kumpamba mwenzako. Akiandika “maharusi walipambana mpaka usiku wa manane”, msomaji ataona ngumi. Katika matumizi ya leo kupambana ni kukabiliana kwa nguvu, na limeshika maana hiyo peke yake. Ukitaka kusema watu walitiana mapambo, sema walirembana, au sema kila mmoja alimpamba mwenziwe.

Kadhalika pambanua ni kutenga hiki na kile ili kila kimoja kijulikane. Pambazuka ni kucha. Pamba, ile nyeupe ya shambani na ya hospitalini, ni jina na haina uhusiano wa kimatumizi na kitenzi chetu, ingawa herufi ni zile zile: “Pamba ukumbi kwa pamba” ni sentensi halali. Pambio, na wingi wake mapambio, ni nyimbo fupi za kanisani, na jirani zetu wa bara walijua neno hilo kabla ya kuyajua mengine yote. Mmoja wao aliposikia “usiku wa mapambo” alidhani ni usiku wa mapambio, akauliza kwaya ni ipi.

Halafu kuna msemo wa kupamba moto. Magazeti huandika kampeni zimepamba moto, ligi imepamba moto, mjadala umepamba moto. Maana yake shughuli imefika kilele chake, imeshika kasi. Hapo hapana maua wala moto wa kweli. Msemo huchukuliwa mzima mzima, kama ulivyo.

Pale kupamba kunapogeuka

Sasa turudi kwa pambia, maana hapa ndipo neno linapohitaji tahadhari.

Kumpamba mtu ni kumwongezea heshima mbele ya macho ya watu. Kumpambia mtu jambo ni kitu kingine: ni kulivika jambo nguo nzuri ili yeye alipende, hata kama halistahili kupendwa. Tofauti yao ni irabu moja. Wasomaji wa tafsiri za Qur’ani kwa Kiswahili wameziona sura zote mbili za mzizi huu. Mbingu ya karibu imepambwa kwa taa, katika Suratul Mulk. Hilo ni pambo la haki, na jicho likilitazama halidanganyiki. Lakini katika Suratu Aal Imran watu wamepambiwa kupenda matamanio, na mahali pengine Shetani huwapambia watu vitendo vyao vibaya wakaviona vizuri. Kiarabu kina kitenzi kimoja hapo, zayyana. Kiswahili, kwa kiambishi kidogo tu, kimeonyesha anayepokea udanganyifu ni nani.

Katika maisha ya kila siku mambo ni hayo hayo. Mwenye kupamba hotuba yake kwa methali anaiheshimu hadhira. Mwenye kuwapambia watu habari anawauzia mkakasi. Na kutia chumvi ni jambo la tatu: huyo amekuza kiasi, lakini kitu chenyewe kilikuwapo. Neno mpambe nalo limeteremka. Zamani lilikuwa la heshima. Leo ukisikia “wapambe wa mwanasiasa fulani” ujue wanasemwa wale wanaomzunguka kumsifu na kumtetea kwa lolote. Kazi yao imebaki ile ile, ya kuongeza uzuri wa mkubwa. Kilichobadilika ni kwamba watu wameanza kumtazama mkubwa mwenyewe.

Darasani pia. Watoto wetu, wa Pwani na wa bara, hufunzwa kwamba insha nzuri ni iliyopambwa, basi hukariri mianzo: jua limechomoza, ndege wanaimba, umande unameremeta, hata kama insha ni ya barua kwa mkurugenzi wa shirika la maji. Nilimwambia yule mwalimu, naye akakubali, kwamba mtoto aulizwe swali la kibuyu kwanza: ndani umesugua? Mna maziwa? Ikiwa mna hoja, methali moja itang’aa kama simbi. Ikiwa hamna, methali kumi ni mkakasi.

Hata harusi zetu zenyewe hazikusalimika. Kupamba, ambako kulikuwa kumtukuza binti mbele ya wanawake waliomlea, katika nyumba nyingi kumekuwa kushindana kwa kumbi, majukwaa na taa. Wazazi hukopa kwa usiku mmoja, na kesho yake asubuhi wapambaji wanakuja kupambua, wanabeba kila kitu, deni linabaki. Deni ni kama nakshi, haliondolewi kwa siku moja. Sisemi tuache. Nasema tukumbuke kilichokuwa kikipambwa ni binti, si ukumbi.

Kadi ziandikweje?

Ndoa za Pwani na bara zinaongezeka. Vijana wetu wanafanya kazi Kericho, Bomet, Eldoret na Kisumu, na vijana wa huko wako Mombasa na Kilifi. Kadi zitaendelea kutumwa. Basi natoa nasaha tatu, nazo hazina gharama.

Kwanza, kadi inayokwenda kwa wasioijua desturi isiandikwe “Kupamba” peke yake. Iandikwe: “Usiku wa wanawake wa kumtazama bibi harusi aliyepambwa.” Ni maneno saba zaidi, na yameondoa swali la ngazi. Yule shangazi wa Sosiot, nilipomsomea kwa namna hiyo, aliuliza jambo moja tu: avae nini.

Pili, panapoandikwa “wanawake pekee” ielezwe sababu kwa adabu, kwamba ni kwa ajili ya stara ya wanaovua mabuibui, na wanaume watajwe walipoandaliwa: nikahi ni yao, na chakula ni chao. Mzee wa Kipsigis hakukasirika kwa kutoingia ukumbini. Alikasirika kwa kutotajwa.

Tatu, nasi tukialikwa kwao tuulize. Tuulize koito ni nini kabla ya kufika na mikono mitupu. Tuulize sinendet huvishwa nani na lini, tusije tukaukata ua wa mtu tukidhani ni majani tu. Na tukipewa mursik tusikunje uso kwa rangi yake ya kijivu. Weusi ule ni wa kazi iliyofanywa ndani ya chombo siku nyingi kabla hatujafika, kwa kuwa walijua tunakuja.

Tukutane juma lijalo, inshallah, na neno jingine.